Msalaba wa Munyiva

Herufi M ilimshinda Musila mara tatu. Kila alipoichora ilitoka imeinama, naye akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka ubao wa msalaba ukabaki na doa la kijivu. Kitengela nzima ilimjua kwa mwandiko wake: mabango ya bucha, milango ya saluni, na misalaba. Rangi nyeupe, herufi nyeusi, jina, kisha "Sunrise" na "Sunset", yaani kuzaliwa na kufa, na tarehe zake. Wafu wa wengine aliwaandika huku akipiga mluzi. Safari hii aliyekuwa mochari ni binti yake, Munyiva, wa miaka tisa. Homa ya uti wa mgongo ilimmaliza kwa siku nne.

Akaachana na herufi. Akafungua mikebe yote iliyobaki ya kazi za watu. Nyekundu ya bucha aliimwaga ikateremka yenyewe. Nyeusi aliikwaruza kwa kucha. Pale mbao mbili zilipokutana aliweka manjano kidogo, akaifunika, akajuta, akaichokora itoke tena. Hapakuwa na ua wala malaika. Zilikuwa zile siku nne jinsi zilivyomkaa kifuani, na alipomaliza akalia kwa mara ya kwanza tangu mtoto afe.

Mkewe, Syokau, alikuja akautazama kwa muda mrefu.

"Baba Munyiva, hii ni nini?"

"Ni yeye. Ni vile nasikia ndani."

"Mimi sioni mtoto wangu hapo. Naona rangi imemwagika." Sauti yake haikupanda. "Watu watajuaje ni nani amelala? Ama unataka azikwe kama mtu aliokotwa barabarani?"

Maneno hayo yalimchoma. Katee, kaka yake Syokau na mzee wa kanisa, aliongeza kwamba msalaba si ukuta wa baa, na kwamba mchungaji hataomba mbele ya uchafu huo. Musila angeweza kumjibu Katee, tena vibaya. Lakini Syokau naye alikuwa amefiwa, na alichobakiwa nacho ni jina.

Basi akapaka nyeupe juu yake, mara moja, mara mbili, mpaka nyekundu ikaisha. M ikasimama wima bila shida yoyote. Aliuchukia mkono wake kwa utiifu huo.

Walimzika kwenye ploti yao kule Isinya. Watu walipoondoka kwenda kula, Lesiamon, jirani yao mfugaji, alibaki akiukagua msalaba. Alimpa Musila pole, na pole yake ilitoka moyoni. Kisha akamwambia kwamba mama yake mwenyewe alikuwa amefariki Jumatatu.

"Hii maandishi ni yako?"

"Ni yangu."

"Iko safi sana. Hakuna mahali imepinda. Nifanyie ya mama kama hii tu."

Musila alitafuta karatasi mfukoni, akakosa. Akafungua kiganja, akakipangusa udongo wa kaburi kwenye suruali, akatoa biro na kumwomba amtajie jina polepole.