Nyonga ya Sajini Apollinaire

Jirani ambaye hajawahi kuwaletea hata kiazi aliingia na pakiti ya sukari, na papo hapo Nsimire akajua kuna jambo. Donatien alikuwa mwanajeshi wa zamani kama mumewe Apollinaire, na pensheni yake ya ulemavu alikwisha kuipata. Mtu aliyeshiba anatafuta nini kwa wenye njaa?

"Papa Apollinaire," Donatien alisema, "kesho mbele ya munganga wa jeshi, usifiche maumivu. Hata apige makelele namna gani, weye bakia chini. Usisimame."

Alipoondoka tu, Nsimire akaisukuma sukari pembeni.

"Uyu mutu iko anatutega! Askari kubakia chini mbele ya mukubwa? Anataka bakufunge. Bureau ya bazungu iko na masikio yao umu Kadutu, na Donatien iko moja yabo."

Apollinaire alicheka kidogo, kisha naye akaingiwa na wasiwasi. Kipande cha chuma alichopigwa nacho huko Saio, katika vita vya Abisinia, kilikuwa bado ndani ya nyonga. Shamba la Walungu lilikwisha kumshinda, na kazi ya ulinzi pia. Bila pensheni wangekula nini?

Asubuhi Nsimire alimnyoa, akampigia pasi kaptula ya kaki, akamwambia akiitwa aitike kiaskari. Mume wake hakuwa ombaomba.

Ndani ya ofisi, daktari, kapteni Mbelgiji, alikuwa na macho ya mtu aliyekwisha kudanganywa na wengi. Aliitazama kaptula ya Apollinaire aliyeketi mbele yake, akautazama mkongojo wake, akairudia kaptula. Ghafla akapiga meza.

"Garde-à-vous!"

Apollinaire aliuachia mkongojo ukaanguka. Akasimama wima, visigino pamoja, kifua mbele. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni, lakini hakutikisika.

Kapteni akatabasamu, akamshika mkono. "Askari muzuri! Muguu yako iko muzima kupita yangu." Akaandika kwamba ombi limekataliwa, akaita mwingine.

Nje, Nsimire alimwona mumewe akitoka huku ameshika ukuta, uso umempauka, meno yote nje. Hatua chache tu nyonga ikagoma, akaanguka. Nsimire akapiga magoti kumwinua.

"Bamekubali?"

"Capitaine mwenyewe amenipa mukono, Maman. Mbele ya bote."

"Nakuuliza, bamekubali?"

Apollinaire aliendelea kutabasamu. "Amesema niko askari muzuri."

Nsimire akalikumbuka neno la Donatien, "Usisimame", akaelewa, akalia palepale barabarani.