Salfa Machoni mwa Gerson

Hakijaandikwa kitabu cha kumtoa Gerson chozi. Alisema hivyo mwenyewe, kwa sauti, Jumapili baada ya ibada, kwenye chumba cha kusomea pale Lulindi, ameegemea rafu kama vile yeye ndiye fundi aliyeipiga misumari.

"Matokeo ya kidato cha nne niliyasoma bila kulia," aliongeza, "na matokeo yenyewe mliyaona."

Vijana wakaangua kicheko. Mabel hakucheka. Rafu ile ni yeye aliyeijaza: riwaya sitini na kitu, za mapenzi, za majini, za falme zisizokuwamo kwenye ramani yoyote. Aliziomba moja moja, Masasi mjini, Newala, kwa walimu wanaohama na kwa jamaa wanaohamisha makabati. Na siku hiyo Mwalimu Alfredi, mstaafu anayesimamia chumba, alikuwa ametangaza kwamba rafu inatakiwa kwa vitabu vya mitihani. Riwaya zitakwenda kwa Mama Huruma, muuza karanga, akachane kurasa za kufungia karanga zake.

"Mwalimu, lakini vinasomwa," Mabel alisema.

"Vinasomwa, sikatai. Vinamfanya nini anayesoma? Kitabu cha hesabu kinafundisha hesabu. Hiki je?" Akainua kimoja chenye picha ya mwanamume aliyefungua shati mpaka kitovuni.

"Kinafundisha kushona vifungo," Gerson akadakia.

Kicheko tena. Mabel akamgeukia. "Wewe mchekeshaji, umewahi kumaliza hata kimoja?"

"Nimalize ili iweje? Najua mwisho. Wanaoana, au jini linakufa."

"Basi vimalize viwili, nikuchagulie mimi. Jumapili ijayo usimame hapo hapo. Ukisema havijakugusa, maboksi nabeba mwenyewe mpaka kwa Mama Huruma. Ukisema vimekugusa, rafu inabaki kama ilivyo."

Mwalimu Alfredi alimtazama Gerson juu ya miwani. "Nakubali. Huyu hajawahi kumhurumia mtu. Nitamwuliza swali moja tu."

Gerson akaondoka na vitabu kwapani, anapiga mluzi.

Cha kwanza kilikuwa cha mapenzi. Alikisoma ameshika kalamu, anachora mstari chini ya kila uongo, mpaka wino ukamwishia. Mwanamume wa kitabu hana shamba, hana shangazi, hana kazi inayoonekana, ila ana gari, na kila akitaka kusema neno la maana mvua inanyesha. "Huyu aje kwetu Lulindi mwezi wa saba," Gerson alimwandikia Mabel kwenye simu, "atakaa bubu mpaka mvua za Desemba."

Kisha akafika pale mwanamume anapompigia binti honi mlangoni, twende zetu mjini sasa hivi, na binti anamjibu kutoka ndani kwamba asubiri, ana gauni la mteja mkononi na pindo halijaisha. Mwanamume akasubiri. Akazima gari, akaingia, akamshikia kitambaa. Gerson akaisoma sehemu hiyo mara mbili, halafu akakasirika kwa kuisoma mara mbili. Alipomaliza alimwandikia Mabel: "Wameoana nyuma ya pazia, hata wali wa harusi hatukuonyeshwa. Nimedhulumiwa." Akaweka simu chini kabla hajaulizwa kwa nini inamuuma.

Cha pili kiliitwa *Ndoo ya Saba*, na hicho alikwenda nacho shambani Jumamosi asubuhi.

Mwezi wa saba mikorosho inachanua, na kila mwenye mikorosho yuko shambani kabla umande haujakauka, mashine mgongoni, anapuliza salfa, ule unga wa njano unaozuia ukungu. Unga huo ukikuingia machoni, unalia utake usitake. Gerson aliketi kwenye kisiki, akafungua ukurasa wa kwanza akiwa na matusi tayari mdomoni.

Ilikuwa nchi ya juu mlimani isiyo na maji ila kisima kimoja, na kisima kina mlinzi, bi kizee asiye na kivuli. Hapokei fedha. Kila ndoo unayochota, unamwachia kumbukumbu moja.

"Newala wangekuwa hawajui hata njia ya kurudi nyumbani," Gerson alisema peke yake, akacheka. Lakini kicheko hakikufika mbali. Bibi Dorika, bibi yake aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alizaliwa Newala, juu mlimani kusiko na maji, na katika usichana wake alishuka ule mteremko mkali kila alfajiri kufuata maji bondeni, akapanda nao kichwani jua likiwa limeshatoka.

Katika kitabu, mama mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa. Ndoo ya kwanza akaacha wimbo aliofundishwa unyagoni. Ya pili, siku ya harusi yake. Ya tatu, sura ya baba yake. "Acha sasa, mama," Gerson akamwambia, "homa imeshuka, acha!" Mama hakuacha. Ndoo ya sita akaacha kijiji alichozaliwa. Ndoo ya saba ikamponya mtoto kabisa. Mtoto akaamka, akamkimbilia na kumwita. Mama akamtazama kwa upole, akampa kata ya maji.

"Karibu, mgeni," akasema. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Gerson alilia. Hakulia kistaarabu, machozi mawili na leso. Alilia kwa sauti, ameinama, kitabu kifuani, na katikati ya kilio akawa anamtukana mwandishi, na mlinzi wa kisima, na Mabel.

Mabel mwenyewe alipita kwa njia ya miguu saa moja baadaye. Akasimama. "Macho yako yana nini?"

"Salfa."

Mwezi wa saba hakuna mtu wa Masasi anayebishana na jibu hilo. Mabel akaenda zake, pole pole.

Jumapili chumba kilijaa mpaka dirishani. Mama Huruma alikuwa mlangoni na kikapu chake kitupu. Gerson akasimama, akasema shikamoo kwa Mwalimu, akaitikiwa marahaba, akaanza. Alimwigiza mwanamume wa mvua. Alimwigiza bi kizee asiye na kivuli akitafuta mahali pa kupumzika juani. Watu walishika mbavu. Kila walipocheka, Mwalimu Alfredi alitoa vitabu vingine vitatu rafuni akampa Mabel, na Mabel akavilaza ndani ya boksi, taratibu, kama mtu anayelaza watoto.

Gerson aliliona hilo. Akajaribu kupunguza utani, lakini watu walikwishazoea, wakamchekea hata alipokohoa. *Ndoo ya Saba* ikaingia boksini, ikakaa juu ya vyote.

"Yatosha," Mwalimu Alfredi akasema. "Swali langu. Vimekugusa, havijakugusa?"

"Mwalimu, swali hilo lina vipengele…"

"Halina."

Gerson akatazama boksi. Akatazama nyuso zinazosubiri aseme neno la kuchekesha, nyuso zilezile atakazokutana nazo kesho na keshokutwa. Akainua kidevu.

"Havijanigusa."

"Jana macho yalikuwa mekundu," Mabel akasema.

"Nimekwambia salfa."

"Hodi humu," sauti ikasema nyuma ya Mama Huruma. Bibi Dorika akaingia, kanga begani, fuko dogo la unga mkononi. Shikamoo zikatoka kila kona. "Marahaba, wajukuu. Mwalimu, niwieni radhi. Nimekuja kuuliza msiba uko wapi."

"Msiba gani, Mama?"

"Mimi nijuaje? Huyu mume wangu," akamnyooshea Gerson kidole kama bibi anavyomtania mjukuu, "jana alikuwa shambani analia. Kulia kweli, mpaka nikatua ndoo. Nikasema kafiwa na rafiki, anaogopa kuniambia. Basi nimeleta unga wa kupeleka kwa wafiwa."

"Bibi, ile ilikuwa salfa!"

"Salfa ipi? Mashine yetu si iko kwa jirani Faruku tangu Jumatano? Mikorosho yangu haijaona unga hata chembe!"

Chumba kikalipuka. Gerson akabaki amesimama, kidevu bado juu, ingawa hakukuwa na kitu cha kukishikilia.

"Msicheke, hayo madogo," Bibi Dorika aliendelea. "Jioni kanipokea ndoo. Huyu! Tangu aote meno hajawahi. Akanishika mkono akaniuliza, 'Bibi, mimi naitwa nani?' Nikamwambia, Gerson. Akasema, 'Rudia.' Nikarudia. Mara tatu, Mwalimu. Kijana mzima, mnampa nini humu?"

Kicheko kikakatika, kwanza kwa wale waliokwisha kuisoma *Ndoo ya Saba*, kisha kwa wengine wote. Mabel aliinama juu ya boksi, akakitoa kile cha juu.

"Bibi, kaa hapa," akasema. "Nitakusomea msiba wenyewe."

"Kibaya hicho!" Gerson akapaza sauti. "Hakina maana hata kidogo! Na Mabel, nakuambia, ukifika ndoo ya sita uache hapo hapo, ile ya saba usimsomee, hataweza, mimi mwenyewe sik…"

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Macho ya chumba kizima yalikuwa juu yake, na hakuna aliyecheka. Mama Huruma akachukua kikapu chake kitupu, akakitia kwapani, akaenda zake.