Miguu ya Mama Louise

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, Jocelyne Muteba alifungua ukumbi wa parokia kule Manika, mtaa mmoja wa Kolwezi, akapanga viti kumi na vinne kwa duara, akangoja. Saa tatu ilipofika, viti tisa vilikuwa bado vitupu.

Jocelyne alikuwa kiné, kama watu wa Kolwezi wanavyomwita anayetibu viungo kwa mazoezi. Miaka kumi na mmoja alifanya kazi hospitalini, na kila mwaka aliona jambo lilelile: mzee anaanguka bafuni, anavunjika nyonga, analala miezi, anarudishwa nyumbani amebebwa, halafu haichukui muda watu wanaitwa matangani. Akaona afadhali awakute wazee kabla hawajaanguka. Akaacha zamu za hospitali, akageuka mtu wa kutunga programu za mazoezi: mzee gani afanye nini, mara ngapi, kwa uzito gani, na lini aongezewe.

Vitabu alivyosomea Lubumbashi havikumsaidia sana. Vilijaa picha za wazee wa Ulaya wakikanyaga baiskeli zisizokwenda popote. Basi akatunga zake. Wachimbaji wastaafu, wanaume waliotumia ujana wao kukandamiza mashine za kutobolea mwamba, aliwapa kusukuma ukuta na kupanda ngazi tatu za mlangoni. Akina mama aliwapa sufuria kubwa ya mchanga wenye maji, wausonge kwa mwiko kama wanavyosonga bukari, ugali wa huko. Wote pamoja aliwafundisha kuinuka kitini bila kushika popote, na kuzunguka ua wakiwa na kidumu cha maji cha lita tano. Kila mwezi alihesabu ni mara ngapi mtu anaweza kuinuka na kukaa ndani ya nusu dakika. Hesabu hiyo aliiamini kuliko maneno ya mzee mwenyewe, maana mzee ukimuuliza atakwambia yuko sawa.

Fahari yake ilikuwa Mama Louise Ngalula, mjane wa miaka sabini na minne, ambaye wazazi wake walimleta kutoka Kasai akiwa mtoto wa mgongoni. Alipoanza aliinuka mara nne tu, akihema. Baada ya wiki kumi na tano aliinuka mara kumi na mbili, na alipokaa akauliza kama muda umeisha kweli au Jocelyne anambania.

Asubuhi hiyo Mama Louise hakuwepo.

"Tata Badibanga, bengine bako wapi?" Jocelyne alimuuliza mzee aliyekuwa karibu naye, mchimbaji mstaafu asiyekosa hata siku moja.

Tata Badibanga alivua kofia, akaikagua ndani kana kwamba jibu limo humo. "Habatakuya, mwana. Mutu moja alipigaka video ya mama Louise na kidumu yake, akaituma ku simu za kwaya. Guelord, mutoto yake, akaiona. Juma pili alisema mbele ya kanisa, batu bote banasikia: eti mama yake anabebeshwa maji sawa mutumishi. Sasa batoto ya bengine banaogopa. Banasema batu batasema nini."

"Na weye, batoto yako habasemi?"

"Yangu bote bako Kinshasa. Hapa hakuna wa kusikia haya juu yangu."

Wale wanne wengine walicheka. Jocelyne hakucheka. Aliendesha mazoezi mpaka mwisho, sauti ikiwa kavu, na alipokuwa akirudisha vile viti ukutani alivigonga kuliko ilivyohitajika.

Kilichomkera ni kwamba alilijua jambo hilo muda mrefu. Katika nyumba nyingi alizoingia, mzee akitaka kunyanyuka, watu watatu wanamkimbilia. Akitaka maji, yanaletwa. Akishika ufagio, ananyang'anywa, maana jirani akiona atasema mama yule hana watoto. Wote wanafanya hivyo kwa upendo, na mwaka haumaliziki kabla miguu ya mzee haijawa kama ya mtoto mchanga. Jocelyne alikuwa ametunga programu nzuri ya miguu ya wazee, lakini hakutunga chochote cha kuzuia mikono ya watoto wao.

Alimpigia Guelord simu mara tatu. Mara ya nne ukaja ujumbe: *Mama anapumzika. Asante kwa yote.* Akaenda nyumbani kwao, nyumba mpya yenye ukuta mrefu na geti la chuma. Guelord alikuwa na malori yanayobeba mawe ya shaba kutoka mgodi wa Mashamba, na Mungu alikuwa amemfungulia. Getini akaambiwa mama amelala. Wiki iliyofuata, mama amelala. Ya tatu, mama amelala, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Wiki ya sita simu ililia yenyewe. Alikuwa Abigaëlle, mke wa Guelord, na alizungumza kwa sauti ya chini.

"Maman Jocelyne, kuya tafazali. Hawezi kuinuka tena. Mi njo namuinua, na mugongo yangu inakufa."

Akamkuta Mama Louise sebuleni, ndani ya kiti cha magurudumu kinachong'aa, mto nyuma, mto ubavuni, televisheni mbele yake ikiongea peke yake. Alikuwa amenenepa usoni na kupungua mapaja. Jocelyne alimsalimia, akachukua kiti cha kawaida cha mezani, wakamhamishia hapo yeye na Abigaëlle.

"Tuhesabu, mama. Polepole."

Mama Louise aliinuka mara moja. Akainuka ya pili, akaangukia kitini. Ya tatu haikuja. Jocelyne aliangalia saa yake muda mrefu baada ya nusu dakika kuisha, kwa sababu hakutaka mtu aone macho yake. Wiki kumi na tano za kazi, na ilichukua wiki sita tu kuzifuta, tena mpaka chini ya pale walipoanzia!

Ndipo gari liliposimama nje na Guelord akaingia, funguo mkononi.

"Madame, nilisema nini?"

"Ulisema mama anapumzika," Jocelyne akajibu. "Amepumzika mupaka miguu imekwisha."

Guelord aliweka funguo mezani taratibu, kama mtu anayejizuia.

"Sikiliza. Huyu mama aliuzaka mihogo ku soko, mi niko ku mugongo yake. Alizeekaka juu yangu. Sasa niko na uwezo, unamurudisha ku maji? Anakosa nini hapa? Aseme, nitanunua."

"Haiko kitu ya kununua. Alianza na mara ine, tukafika kumi na mbili. Leo mbili. Hana ugonjwa hata moja, tata. Ni kiti, na kitanda, na heshima yenu."

"Heshima inaua mutu?"

"Mi naiona kila siku."

Hapo Guelord alicheka kicheko kibaya, akamgeukia mama yake. "Mama, simama umuonyeshe." Na kabla mama hajaegemea mbele, alikwisha kumwingizia mikono kwapani na kumnyanyua juu kama gunia.

"Mwache!" Jocelyne alipiga kelele mpaka yeye mwenyewe akashtuka.

"Guelord, toa mikono," akasema Mama Louise.

Guelord akamrudisha kitini. Mama Louise alirekebisha kitambaa chake cha kichwa, akapumua kwanza.

"Unajua nani ananipeleka ku choo?"

Mama aliendelea kabla Guelord hajafungua mdomo.

"Bibi yako, huyu Abigaëlle. Ananivua, anasimama pale anangoya, ananisafisha. Mi mukwe yake! Mama yangu angeona ile, angelia. Sasa nakunywa maji kidogo tu, ku asubuhi, juu nisimuite mara mingi. Kinywa inakauka, nanyamaza." Akanyoosha kidole kwenye kile kiti cha magurudumu. "Ile kidumu batu balionaka haikunipa haya, mwanangu. Hii njo inanipa haya."

Abigaëlle alikuwa anaangalia sakafu. Kwenye karatasi ya Mama Louise, pale Jocelyne alipouliza siku ya kwanza *ungependa kufanya nini wewe mwenyewe*, paliandikwa "kwenda kanisani", na yeye akaridhika, akapita. Hakuuliza tena. Hasira aliyokuwa nayo kwa Guelord ikageuka kidogo, ikamwelekea yeye mwenyewe.

Simu ya Guelord ikaita. Lori lilikuwa limekwama njiani. Alitazama mama yake, akamtazama mkewe, akachukua funguo na kutoka akiongea na dereva kwa ukali. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Jocelyne alikuwa amejiandaa kwa ugomvi; kwa ule mlango uliofungwa polepole hakuwa na la kufanya.

"Nianze na mara ngapi?" Mama Louise akauliza.

"Mbili, mama. Asubuhi mbili, mangaribi mbili. Na maji, unywe."

Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko ya mwanzo, kwa sababu mara hii wote wawili walijua walichopoteza. Wiki tatu nzima mbili zilibaki mbili. Abigaëlle alijifunza kusimama pembeni na mikono nyuma, akijing'ata midomo. Krismasi ilipopita wakapata nne. Karibu na Pasaka Mama Louise alikuwa anafika saba, na alipita koridoni mwa nyumba ya mwanawe peke yake, kiganja ukutani, mpaka mlango wa choo, akaufunga kwa ndani. Kumi na mbili hakuzirudia tena. Jocelyne alijaribu kila njia aliyoijua, akabadilisha programu mara nne, na saba zikabaki saba.

Siku hizi, kabla Jocelyne hajampokea mzee yeyote, anawaita watoto wa mzee huyo na kuwaambia mambo ambayo wataacha kumfanyia. Wengine wanaitika mbele yake na kuyafanya palepale nje ya mlango. Wengi hawaji kabisa.

Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, Mama Louise alirudi kwenye ukumbi wa parokia. Guelord alimleta mwenyewe, lakini hakushuka. Alikaa ndani ya gari saa nzima, vioo vimepandishwa, injini inanguruma, ili watu wasimwone akimngojea mama yake aliyeshika kidumu. Jocelyne alimwona kupitia dirishani. Maneno yote ya kumwambia alikuwa nayo, mengine hayakuwa ya heshima, na alikuwa ameshafika kwenye ngazi za nje aliposikia nyuma yake Tata Badibanga akijibwaga kitini kabla ya kumaliza hesabu yake, akidai eti ameshatimiza.

"Bado tatu, tata!" akasema, akageuka, akaingia ndani.