Baraka ya Kiti Chenye Taa

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na kiti je, hukisalimii?"

Fundi makochi alijichekesha kidogo. Kiti chenyewe kilikuwa cheusi, na taa zilizokizunguka pembeni zilibadilika nyekundu, kijani, buluu. Mdogo wake, kitindamimba wa nyumba, alikinunua cha kuchezea michezo ya kompyuta. Siku ya kwanza tu mama aliingia chumbani kumwita ale, akakaa kumsubiri amalize, na tangu hapo kikawa chake. Leo ilikuwa siku ya tano. Duka lilikubali kurudishiwa mali ndani ya siku saba.

"Kikague, kaka," kitindamimba alisema. "Ukisema kibaya, kesho nakirudisha."

Fundi hakujali bei wala mchezo. Kilichomkaa kooni kama mwiba wa samaki ni jambo jingine. Kwa miaka kumi na mmoja mama alikalia kiti alichotengenezewa na fundi huyu, mwanawe, kwa mbao alizozichagua mwenyewe. Mama hakuweza tena kupiga magoti, kwa hiyo alisali amekaa, na kila jioni alimalizia kwa maneno yale yale: "Na uibariki mikono iliyonitengenezea hapa nilipokaa." Fundi alipita kila jioni akitoka kazini ili ayasikie, kama mtu anayepita kisimani. Jana alikuta wameshafumba macho, naye akafumba yake mlangoni, akayasikia, akaitikia amina, akafungua macho. Mama alikuwa kwenye kiti chenye taa, kilichotolewa chumbani na kuletwa sebuleni jana hiyo hiyo. Baraka yake ilikuwa imekwenda kwa watu wa kiwandani wasiomjua hata kwa sura!

Akakipindua miguu juu. Kwa mdomo alimwomba Mungu ampe macho ya haki. Moyoni aliomba kasoro.

Mishono ilikuwa ya mistari miwili, bila uzi ulioruka. Kiunzi kilikuwa chuma kitupu. Aliminya sponji, nayo ikainuka mara moja kama mtoto aliyeitwa na babake. Akakisimamisha, akakikalia. Egemeo likamshika kiunoni, pale pale panapomuuma baada ya kushinda ameinamia kazi. Alitaka kushusha pumzi, akaibana.

"Taa hizi ni kama za baa," akasema.

"Wewe baa umeijulia wapi?" mama akauliza.

Kitindamimba alicheka hadi akajishika mbavu. Fundi akainama tena chini ya kiti, na hapo akauona waya wa taa. Ulipita karibu mno na wenzo wa kupandishia na kushushia kiti, na kila kiliposhushwa uling'atwa. Ngozi yake ilikuwa imeanza kuchubuka. Moyo wa fundi uliruka kwa furaha, na furaha hiyo ikamtia aibu, lakini hakuiacha.

"Kirudi. Kitaunguza nyumba."

"Kweli, kaka?"

"Fundi hapa nani?"

"Fundi akishasema, imekwisha," mama alisema, akaenda kwenye kiti chake cha zamani.

Akakipa mgongo, akapapasa mkono wa kiti, akasita. "Ee Mungu," akasema, akajiachia kama gunia. Fundi aliijua sana "Ee Mungu" hiyo. Miaka yote aliisikia akiwa mlangoni anavua viatu, akadhani ni raha. Leo aliitazama usoni. Mama alikuwa amefumba macho na kuuma mdomo. Kiti kilikuwa kifupi. Fundi alikitengeneza magoti ya mama yakiwa bado magoti.

"Mama, unaumia hivyo tangu lini?"

"Kiti cha mwanangu hakijaniumiza hata siku moja. Magoti ndiyo wachokozi."

Fundi akatoa tepu ya umeme mfukoni.

"Nipe mkasi," akamwambia mdogo wake. "Waya ni wa kusogeza na kufunga tu."

"Haa! Nyumba haiungui tena?"

"Nyamaza, nipe mkasi."

Akaufunga, akakipandisha na kukishusha kiti mara kumi, halafu akamshika mama mkono. Mama akakaa bila kumwita Mungu. Saa ya sala ilipofika, kitindamimba alitaka kuzima taa.

"Ziache," mama alisema. "Mungu mwenyewe hajalalamika."

Walisali. Fundi alisubiri maneno yake, nayo yakaja: "Na uibariki mikono iliyonitengenezea hapa nilipokaa." Akafungua jicho moja. Uso wa mama ulikuwa umetulia, na haukusema ni mikono ya nani. Wivu ulikuwa bado upo, umejikalia kwenye kile kiti kifupi. Akaitikia amina nyuma ya mdogo wake, kisha akatoa futi kamba, akapima kutoka kisigino cha mama hadi nyuma ya goti.

"Unanipima nini tena?"

"Kimo. Kile cha zamani nakiongezea miguu."

Mama akafikiri kidogo, buluu ikimpita shavuni.

"Na taa utakiwekea?"