Zamu ya Arobaini na Moja

Kwa miaka kumi na tisa Verlene Stoddard alikuwa na ujanja mmoja, nao haukuwahi kumwangusha. Mswada wowote wa ndoa au watoto ulipofika mbele ya kamati ya bunge la jimbo, aliwapakia waumini kwenye basi la kanisa, na jua likichomoza walikuwa wamepanga foleni kwenye ngazi za bunge, kila mmoja na donati mkononi. Mlango ukifunguliwa, wanajaza karatasi ya wasemaji juu mpaka chini. Dakika mbili kwa kila mtu, na muda wa kikao ukiisha umeisha. Wapinzani wakifika wanakuta wamewahiwa. Sheria haikuvunjwa hata moja, na shirika lake, Nguzo ya Familia, wabunge waliliogopa kama wakwe.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya mswada wa talaka: mtu asiachike mpaka athibitishe kosa la mwenzake kwa mashahidi. Verlene alisaidia kuuandika. Akapitia karatasi, akawakuta watu wake wote arobaini, yeye akiwa wa mwisho. Chini ya jina lake, kwa mwandiko alioufundisha mwenyewe mezani jikoni: Kendra Stoddard, anapinga.

Binti yake wa pekee, na amejiandika kwa jina la baba yake, si la mume. Hawakuwa wameonana miaka minne, tangu Kendra alipokuja nyumbani mkono umefungwa plasta. Alianza kusema, Verlene akamkatiza: rudi kwa mumeo Wade, mwanangu, umwombee. Alipofungua mdomo tena, alikatizwa kwa aya ya Biblia.

Sasa alikuwa ameketi safu ya nyuma, koti mapajani, amekonda.

"Dada Verlene, yule si Kendra wako?" aliuliza Orville Teague, mzee wa kanisa, aliyekuwa na zamu ya thelathini na tisa.

"Ndiye."

"Basi achukue zamu yangu. Mimi nitaongeza nini? Tumesema yale yale tangu asubuhi, hata mbunge yule pale anakoroma."

"Soma ulichoandikiwa, Orville."

Orville akaenda akasoma. Kisha likaitwa jina la Verlene.

Alisimama akiwa amekusudia kabisa kusema neno moja tu, kwamba anamwachia mwanawe zamu yake. Taa ya kijani ya kuhesabu dakika ikawaka. Akawaona watu wake arobaini kasoro mmoja wakimtazama kwa mapenzi, na woga ukamshika, maana alijua moyoni Kendra angesema nini. "Mheshimiwa mwenyekiti, ndoa ni agano," akaanza, na maneno yaliyobaki yakajiendea yenyewe mpaka taa ikawa nyekundu.

Nyundo ikagongwa. Muda wa kikao umeisha, aliyekosa nafasi alete barua, alisema mwenyekiti. Mswada ukapita kwa kura saba dhidi ya mbili, watu wakakumbatiana.

Verlene alimkuta Kendra kwenye ukumbi wa nje akivaa koti.

"Umekuja mbali, mwanangu. Twende ukale kwanza."

"Sina njaa, Mama."

"Kama ulikuwa na jambo, si ungenipigia simu? Mpaka uje kuwaambia wabunge?"

"Wabunge wana nini? Walishaamua kabla sijatoka nyumbani." Kendra aliikunja karatasi yake mara mbili. "Nilisoma kanuni zao. Mle ndani mtu akipewa zamu yake, haruhusiwi mtu kumkatiza. Dakika mbili nzima. Nilikuja kwa sababu nilijua wewe utakuwemo."

Verlene akamshika mkono, ule ule uliowahi kuvunjika.

"Niambie sasa. Nakusikiliza. Haki ya Mungu nakusikiliza."

Kendra alimtazama usoni. Akavuta pumzi.

"Ile Jumapili tuliporudi kutoka kanisani, Wade alifunga mlango, aka..."

"Wade alikuwa amefukuzwa kazi wakati ule," alisema Verlene.

Lilikuwa limeshatoka. Akaziba mdomo kwa kiganja, lakini Kendra alikuwa ameshautoa mkono wake taratibu, bila hasira, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akaitia karatasi mfukoni, akateremka zile ngazi za foleni. Nyuma, Orville alikuwa akimwita Verlene aje wapige picha.