Kikohozi cha Baba Mkwe

Tusajigwe alikuwa tayari kwa mtihani. Mtoto kapelekwa kwa jirani, jogoo katolewa nje, simu imeegemezwa kwenye kopo la maziwa pale sebuleni, kona pekee ya nyumba yao ya Iyunga inayokamata mtandao. Miezi minane alikuwa amesomea usimamizi wa ulinzi kwa simu hiyo hiyo, huku akilinda geti la ghala la tajiri wake, Suresh. Akifaulu leo, yeye ndiye msimamizi wa walinzi. Akifeli, cheo anachukua Aroni, mtu anayelala getini hadi anakoroma. Wazo hilo tu lilimpandisha hasira.

"Sharti ni moja," alisema mwalimu Faustina kwenye kioo cha simu, kutoka Iringa. "Uso wako nisiupoteze. Ukiinuka, mtihani umekwisha."

Maswali manne yalipita vizuri. Ndipo nje mtu akakohoa mara mbili.

Mungu wangu! Alikuwa mzee Jailos, baba mkwe wake, katoka Tukuyu bila taarifa. Na kwa Wanyakyusa wa aina ya mzee Jailos, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, mtihani uwepo usiwepo. Siku zote mzee akikohoa, Tusajigwe hutokea mlango wa nyuma. Leo atokee wapi?

Akavuta kanga, akajifunika gubigubi pale pale kitini.

"Tusajigwe! Uso uko wapi?"

"Upo, mwalimu! Baba mkwe yuko mlangoni, na mtihani sijamaliza!" Alipaza sauti makusudi, wa nje asikie.

Kisha mzee akaanza kusema na jogoo, maana mkamwana hasemeshwi moja kwa moja. "Wewe jogoo, waambie wa ndani waendelee. Mimi nimegeuka, natazama barabara. Hapa hapiti mtu."

Kanga ikashuka. Tusajigwe alikuwa analowa jasho, na aibu juu yake.

Faustina alijizuia kucheka. "Haya, la mwisho. Nipe mfano wa mahali ambapo udhibiti wa kuingia haujawahi kushindwa."

Alikuwa amekariri uwanja wa ndege. Wote ukamtoka kichwani.

"Hapa nyumbani," akasema. "Miaka kumi na moja. Milango miwili, kamera hakuna, ishara ni kikohozi. Mimi na mzee hatujakutana hata siku moja."

"Na ikitokea dharura?"

"Ndiyo hii, mwalimu. Mmoja kageuka analinda, mwingine anaendelea na kazi."

Faustina sasa alicheka waziwazi. "Umefaulu, msimamizi."

Tusajigwe alitamani kutoka mbio akamshike mzee mikono. Haikuwezekana. Alisimama nyuma ya mlango, machozi yakimlengalenga. "Wewe jogoo," akasema, "mwambie baba tumefaulu. Ndaga fijo. Ahsante sana."

Mzee alikohoa mara moja tu. Halafu akasikika akimzuia mwanawe Sifaeli, mume wa Tusajigwe, aliyekuwa anarudi kwake mwenyewe kula.

"Simama hapo hapo! Humu ndani kuna msimamizi wa walinzi. Umekohoa?"