Kijiji cha Ghorofa ya Nne

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu ya pili ya Januari, Rurangwa alikuwa amebeba bodi ya jipsamu begani kwenye ghorofa ya nne ya kiwanda cha zamani, mtaa wa Black Rock, Buffalo, kilichokuwa kikigeuzwa nyumba za kupangisha. Upande wa mtoni haukuwa na ukuta wala kizuizi. Palining'inia nailoni tu, nayo upepo ulishaichana. Skrubu zilikuwa baridi kiasi cha kunata vidoleni.

Ghorofa ya chini, penye mashine za joto, walipachika bodi thelathini kwa siku. Juu walifika kumi na tisa. Msimamizi aliandika tarakimu hizo ukutani kwa chaki nyekundu, akasema watu wa juu ni wazito.

"Si buzito," alinong'ona Mutware, ambaye Rurangwa alijuana naye tangu kambi ya wakimbizi. "Baridi inatukamata mikono. Donc, ile mashini ya moto inakuya lini?"

"Walisema hii wiki."

"Na wiki ingine walisema."

Saa nne kijiji cha Engkos kikafika. Engkos alikuwa Msunda wa magharibi mwa Java, mtu mkimya, mwenzao wa timu kwa miaka miwili. Kijiji kilipandia ngazini: kwanza mfereji wa maji, halafu matuta ya mpunga, halafu nyumba saba za mianzi zilizokaa juu ya mawe, mapaa yake ya nyuzi nyeusi za mtende, zote zimeelekea upande mmoja. Wanawake wanne walisimama kwenye kinu kirefu cha gogo wakaanza kutwanga kwa kupokezana. Joto likaenea. Engkos alivua koti, akawaamkia wajomba zake, akarudi kazini. Mutware alisogeza ndoo ya skrubu isilowe.

Mikono ya Rurangwa ikaanza kumtii. Mchi ukishuka, alipiga skrubu. Ukipanda, alishika bodi. Ndivyo walivyojenga kwao milimani, Minembwe, mtaa mzima ukikandika nyumba ya mtu mmoja kwa siku mbili, ng'ombe wakitazama. Kufikia jioni bodi zilikuwa arobaini na moja.

Kesho yake mwanamke wa ofisi kuu alikuja kwa gari kutoka Columbus kuchunguza sababu ya ongezeko hilo. Alitembea juu ya tuta kwa uangalifu, akahesabu nyumba, akapima joto.

"Mazingira mazuri sana," alisema. "Basi mashine hazihitajiki."

Alifuta oda ya mashine, akaondoa watu wawili kwenye timu, na arobaini na moja ikawa ndiyo kazi ya siku.

Lakini shamba la mpunga liliishia pale sakafu ilipoishia. Maji ya tuta la mwisho yalimwagika barabarani na kuganda kabla ya kufika chini. Jumatano, shangazi yake Engkos alimfukuza bata hadi ukingoni. Rurangwa alitupa bodi, akamdaka shangazi kwa nguo. Wakasimama wameshikana, malori yakipita chini ya vidole vyao vya miguu.

Jioni ileile wanaume wa kijiji walikata mianzi wakafunga uzio ukingo wote. Rurangwa na Mutware walisaidia kukaza kamba. Asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, Rurangwa aliupa mto mgongo bila kuuwaza.

Msimamizi akapanda. "Hii haimo kwenye ramani. Ing'oeni."

"Bosi, bila hii mtu ataanguka," alisema Mutware.

"Nani ameanguka?"

"Mimi siing'oi," alisema Rurangwa.

Kutwanga kukanyamaza. Msimamizi aliita watu wawili kutoka chini. Wakaing'oa mianzi na kuitupa kwenye bomba la vifusi. Rurangwa akaandikiwa onyo.

"Na kesho utaenda?" mkewe Yudita alimuuliza usiku huo.

"Nitaenda. Mutware atabaki na nani?"

Ijumaa ofisi ilimhamishia Engkos Louisville, ambako jengo jingine la kampuni lilikuwa limechelewa. Kijiji kiliondoka naye: nyumba mabegani, samaki ndooni, kinu kikishikwa na watu sita.

"Unisamehe, kaka," Engkos alisema. "Huwa kinanifuata."

Baridi ilirudi kabla ya saa sita. Tarakimu ya ukutani, arobaini na moja, haikufutwa.

Jumatatu, saa tisa na robo, walikuwa wamefika bodi ya ishirini na mbili. Mutware alikimbilia nyingine, akateleza kwenye barafu iliyoachwa sakafuni na tuta la mwisho, akapita kwenye nailoni. Rurangwa alishika hewa. Mutware aliangukia rundo la mchanga, akavunjika nyonga na mguu. Kwenye gari la wagonjwa alimshika Rurangwa mkono.

Kesho yake ilitundikwa nailoni mpya.

Mchana Engkos alipiga simu. Mpunga ulikuwa umeiva, alisema, na Louisville walishafika hamsini. Nyuma yake mchi ulisikika. Rurangwa alisema ni vizuri, akawasalimu wazee, akauliza kama huko kuna uzio.

"Bado," alisema Engkos.

Rurangwa alirudisha simu mfukoni, akavaa glavu, akanyanyua bodi peke yake.